Mizani ya Hewa

Ndugu msomaji, atokaye Mombasa kwenda Kisii na Nyamira hupanda zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na huko huona hewa nyepesi, pumzi zikimwenda mbio apandapo kilima. Je, juu zaidi ya hapo hewa ni ya namna gani? Wenye elimu hawakuridhika na kukisia, walitafuta mizani.

Tarehe 24 Aprili 1971, katika jukwaa la San Marco lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi, Wataliani wakisaidiana na Wamarekani walirusha satelaiti iliyochukua mizani hiyo, nayo huitwa spektromita ya masi.

Mfano wake ni mwanamke wa Kisii apepetaye wimbi: makapi huchukuliwa na upepo, punje nzito zikabaki. Chombo hiki hupokea chembe za hewa, huzitia umeme, kisha huzitenga, nyepesi mbali na nzito, na kila namna ikahesabiwa peke yake.

Chombo cha jamii hiyo kilifika Mirihi mwaka 1976 katika safari ya Viking, ikajulikana kuwa sehemu 95 hivi katika 100 za hewa ya huko ni kaboni dayoksaidi.

Ndugu zangu, roketi hizo zilipaa pwani kwetu, na wengi wetu tuliona moto na moshi tu. Kuona si kujua. Basi tuwasomeshe watoto wetu hesabu na elimu ya maumbile pamoja na dini yao, wasije wao pia wakawa watazamaji.