SOMO LA AFYA: PODA YA KRIETINI NA MBEBA MIZIGO

Ndugu wafanyakazi wa Rubongi,

Vijana wanaobeba saruji, mifuko ya kilo 50, wanauliza: je, poda ya krietini inafaa? Krietini si kitu kigeni. Mwili huitengeneza wenyewe, nayo imo katika nyama na samaki: kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu 4 hadi 5.

Mtu mwenye afya akila gramu 3 hadi 5 kwa siku na kufanya mazoezi, huongeza nguvu za kuinua vizito kwa muda mfupi. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza. Kopo lisilo na lebo usinunue.

Lakini poda haiondoi njaa wala haiponyi mgongo. Chakula cha mchana, mapumziko na toroli, hivyo tuvidai kwa mwajiri, sote pamoja.