Programu ipi ya kukadiria safari za mjini?

Swali: Halmashauri yetu imeniagiza nichague programu ya kukadiria mahitaji ya usafiri. Tununue Visum au tutumie ya bure?

Jibu: Ndugu yangu, kwanza niambie una takwimu gani. Visum ya Ujerumani, Emme iliyoanzia Kanada na TransCAD ya Marekani zote zinaweza kufuata zile hatua nne za zamani: safari ngapi zinaanza kila mtaa, zinaelekea wapi, kwa chombo gani, na kwa njia ipi. Leseni zake zina bei. MATSim ni ya bure na humfuata mtu mmoja mmoja kutwa nzima, ila inamtaka fundi anayeielewa Java.

Kwetu kazi ipo hatua ya tatu na ya nne. Daladala huondoka ikijaa, na dereva akiona foleni hukatisha ruti. Programu haiyajui hayo mpaka uiambie. Chukueni mfano wa Nairobi: wanafunzi walipanda matatu, daladala za huko, na simu mkononi, wakarekodi njia na vituo, na mwaka 2014 ikatoka ramani ya Digital Matatus. Anzeni hivyo, mfanye na dodoso la kaya. Waulizeni pia wanaotembea kwa miguu; hao husahaulika mno.