Kano ya Kisigino: Yampasayo Mtumiaji Kujua Kabla ya Kulipia Tiba

Maumivu ya nyuma ya kisigino ni miongoni mwa maradhi ambayo wananchi huyagharimia pasipo kujua walichonunua. Leo dawa ya kuchua, kesho vidonge, wiki ijayo sindano. Maumivu yakirejea, gharama huanza upya. Tumeona vyema kwanza tueleze kinachouma.

Kano ni ukanda mweupe na mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Mnywaji wa supu ya makongoro anaufahamu tayari, ingawa hapo umekwisha kulainishwa na moto. Umejengwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizolala sambamba na kufungwa mafungu kwa mafungu mithili ya kamba ya katani. Kano ya kisigino, yenye urefu wa takribani sentimita 15, ndiyo nene na imara kuliko zote mwilini. Hata hivyo mishipa yake ya damu ni michache, hasa sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, na hapo ndipo hukatika mara nyingi. Kwa sababu hiyo kano hupona kwa miezi. Anayekuahidi siku tatu anakuuzia maneno.

Dhara la kawaida ni uchakavu: kisigino hukakamaa asubuhi, kano huvimba na kuuma ikibonyezwa. Humpata zaidi aliyeongeza ghafla mbio au kazi. Katika hali iliyodumu, nyuzi zimevurugika mpangilio. Vidonge vya maumivu hutuliza, lakini havizipangi upya. Kinachosaidia ni kuipa kano mzigo kwa kipimo. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Uswidi walichapisha zoezi hili: mgonjwa husimama kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi, kisha hushusha polepole kisigino kinachouma, mara 15 kwa mizunguko 3 goti likiwa limenyooka, na vivyo hivyo likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Halihitaji kifaa ila ngazi, na labda ndiyo maana halitangazwi. Ni vyema mtaalamu wa fiziotherapia akuelekeze mwanzoni. Sindano ya steroidi nayo huweza kupunguza maumivu kwa muda, lakini karibu na kano hii imehusishwa na kukatika kwake. Kabla ya kuchomwa, uliza dawa gani imo ndani ya bomba.

Kukatika ni jambo jingine. Mtu husikia mlio, huhisi kama amepigwa teke kwa nyuma, akigeuka haoni mtu. Kwa kuwa bado huweza kuchechemea, wengi hudhani ameteguka, wakampeleka akachuliwe. Tunasihi asichuliwe. Alale kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, kisha mtu aminye shavu la mguu taratibu. Kano ikiwa nzima, wayo husogea na vidole huelekea chini. Ikiwa imekatika, kwa kawaida wayo hautikisiki. Aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani wiki zikipita ncha za kano huachana na matengenezo huwa magumu na ghali zaidi. Tiba ni upasuaji, au hogo lililofungwa vidole vikielekea chini. Upasuaji hupunguza kidogo uwezekano wa kukatika tena, lakini huleta hatari ya kidonda kuoza na neva kuumia. Aliyeambiwa njia ni moja tu ana haki ya kuuliza kwa nini.

Lipo pia la duka la dawa. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kabisa liwekwe kwenye kundi la viuavijasumu lenye siprofloksasini, ambayo wengi huinunua kwa jina la "sipro" kwa ajili ya tumbo au mkojo: huweza kudhuru na kukata kano. Jambo hilo hutokea kwa nadra, lakini hatari huzidi kwa waliopita miaka 60, wanaotumia steroidi na waliopandikizwa figo, moyo au mapafu. Kisigino kikianza kuuma, hata miezi baada ya kumaliza dozi, pumzisha mguu. Kama bado unaitumia dawa hiyo, iache na umwone tabibu siku hiyo akubadilishie. Karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi ni sehemu ya bidhaa. Hata anayepimiwa vidonge kwenye bahasha anaweza kuomba aisome kabla ya kulipa.