Mchavushaji Katika Modeli: Mfano wa Marani

Mchavushaji ni kiumbe abebaye chavua toka ua hadi ua. Kiambishi -ji chamtambulisha kama mtenda wa mazoea. Kandokando ya msitu wa Kakamega, watafiti walikadiria kuwa mwaka 2005 nyuki walichangia takriban asilimia 40 ya thamani ya mazao yaliyochunguzwa.

Huko Marani, Kisii, modeli inayopima ardhi kwa ekari pekee itapotosha. Mgomba huzaa bila kuchavushwa, na mchai huchumwa majani. Wanaomhitaji nyuki ni mboga wa kiungani, mkarakara na mparachichi. Vichaka vya mipakani vikifyekwa, nyuki hukosa makao. Mvua zikibadili majira, huenda maua yakachanua nyuki wakiwa wachache. Hasara hiyo humwangukia kwanza mwanamke alimaye kiunga hicho.