Pengo la kipato halitokani na damu: Somo kutoka Malaysia

MIAKA kadhaa iliyopita niliombwa kuzungumza na vijana wa Kiislamu katika semina moja hapa jijini Dar es Salaam. Mada ilikuwa uchumi. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na kama ilivyo ada yetu nilikwenda na takwimu. Niliandika ubaoni hesabu za Malaysia za mwaka 1970: kaya ya Kimalay ilikuwa ikipata wastani wa ringgit 172 kwa mwezi, ya Kihindi ringgit 304, na ya Kichina ringgit 394. Kisha nikawageukia vijana nikawaambia: "Mnaona? Waislamu wenye nchi yao wako chini, waliokuja wako juu. Wenzetu wana damu ya biashara, sisi tuna damu ya kulala."

Vijana walicheka. Mzee mmoja aliyekaa nyuma, fundi cherehani, hakucheka. Alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, hao Wamalay miaka ishirini baadaye walikuwaje?" Nikamjibu kuwa hali yao ilikuwa imepanda sana. Akaniuliza tena: "Sasa hapo katikati walibadilishwa damu?"

Nilibabaika, nikaomba tuendelee na mada. Baadaye nilikutana na mmoja wa vijana wale, ameajiriwa kupanga bidhaa katika duka la mtu Kariakoo. Nilipomuuliza kwa nini hajaanzisha la kwake, kwa kuwa kazi yote anaijua, alinijibu huku akicheka: "Mwalimu, si wewe uliyesema ni damu?"

Ndugu msomaji, maneno yale yaliniuma. Makala haya ni ya kulipa deni langu kwa mzee yule na kwa kijana huyu. Takwimu nilizoandika ubaoni zilikuwa za kweli. Kosa lilikuwa katika maelezo niliyozibandika. Hebu tuzirudie, safari hii kwa kuuliza maswali ambayo siku ile sikuyauliza.

Swali la kwanza: Walianzia wapi?

Waingereza walipoitawala Malaya walitaka bati na mpira. Migodi ya bati ikajaa vibarua na wafanyabiashara kutoka kusini mwa China. Mashamba ya mpira yakajazwa vibarua wa Kitamil kutoka kusini mwa India. Wamalay walio wengi wakaachwa vijijini walime mpunga na kuvua samaki. Watoto wa wakubwa wa Kimalay walisomeshwa kwa Kiingereza ili wawe maofisa wa serikali, lakini mtoto wa mkulima alipewa shule ya msingi ya Kimalay, na elimu yake ilikuwa inaishia hapo hapo kijijini.

Matokeo yake yalionekana katika sensa ya mwaka 1970. Miongoni mwa Wamalay, takriban mtu mmoja kati ya saba ndiye aliyeishi mjini. Miongoni mwa Wachina, ilikuwa karibu nusu. Kwa hiyo nilipokuwa namlinganisha Mmalay na Mchina, kwa sehemu kubwa nilikuwa namlinganisha mkulima wa kijijini na mtu wa mjini. Chukua ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja ana duka mjini na mwingine analima kijijini kwao. Pengo la kipato utaliona, na damu yao ni moja.

Jambo hili halipaswi kutushangaza sisi, kwani mtawala alikuwa huyo huyo. Tanganyika nayo, hadi kupata uhuru mwaka 1961, shule zilikuwa zimetengwa: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Kulikuwa pia na sheria ya kikoloni iliyombana Mwafrika asikopeshwe na wafanyabiashara. Mtu akinyimwa mkopo kwa sheria, kisha mjukuu wake akaambiwa hana damu ya biashara, hiyo ni dhuluma juu ya dhuluma.

Na Mchina wa Malaya alikuwa na nini? Wengi walifika mikono mitupu. Lakini walikuwa na vyama vya koo na vya watu waliozungumza lahaja moja. Mgeni akishuka melini alipokewa, akapewa pa kulala, akatafutiwa kazi, na akiaminika alikopeshwa mtaji. Huo ni utaratibu wa watu kusaidiana, na utaratibu hufundishika.

Swali la pili: Nani kahesabiwa?

Tunaposema "Mmalay" tunadhani tunataja damu. Katiba ya Malaysia ya mwaka 1957 inamweleza Mmalay kuwa ni mtu anayefuata dini ya Kiislamu, anayezungumza Kimalay kwa kawaida na anayeshika mila za Kimalay, pamoja na masharti ya kuzaliwa au makazi. Kwa maelezo hayo, wazao wa watu waliohamia kutoka Java na Sumatra wamehesabiwa Wamalay. Wamo pia wazao wa Masharifu wa Hadhramaut, watu ambao sisi wa pwani tunawajua vizuri. Fomu ya sensa haipimi damu ya mtu.

Tazama na Wahindi. Wastani wao ulikuwa juu ya ule wa Wamalay mwaka 1970, na ulikuwa juu pia mwaka 2019. Mtu akiishia hapo atasema hawana tatizo. Lakini tarehe 25 Novemba 2007 maelfu ya Wahindi waliandamana Kuala Lumpur, chini ya mwavuli wa Hindraf, wakilalamika kuwa wameachwa nyuma. Inakuwaje? Ni kwa sababu katika jina hilo moja la "Mhindi" wamo mawakili, madaktari na wafanyabiashara, na humo humo yumo mgema mpira aliyezaliwa shambani. Mashamba mengi yalipogeuzwa kuwa ya michikichi au viwanja vya nyumba, mgema huyo alipoteza kazi, nyumba na shule ya watoto wake kwa mpigo. Wakili alimpandishia wastani, lakini hakumpandishia kipato.

Na Wachina je? Mwaka 1970, katika kila kaya 100 za Kichina, takriban 26 zilikuwa masikini. Kabla ya hapo, wakati wa vita vya msituni vya 1948 hadi 1960, Waingereza waliwahamisha watu wapatao nusu milioni, wengi wao Wachina, wakawaweka katika vijiji vipya vilivyozungushiwa uzio. Mimi ubaoni niliwaandika wote kwa jina moja: "matajiri".

Swali la tatu: Wastani unaficha nini?

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndiyo kazi yangu. Chukua kaya kumi. Tisa zinapata shilingi laki mbili kila moja kwa mwezi. Ya kumi inapata milioni mbili na laki mbili. Jumla ni milioni nne, gawanya kwa kumi, wastani ni laki nne. Sasa niambie, katika kaya hizo ni ipi inayopata laki nne? Hakuna hata moja.

Ndivyo ilivyo Malaysia. Mwaka 2019 wastani wa kipato cha kaya za Bumiputera, yaani Wamalay pamoja na wenyeji wengine wa nchi ile, ulikuwa ringgit 7,093 kwa mwezi. Lakini ukizipanga kaya hizo kwa mstari, kutoka ya chini hadi ya juu, ile iliyosimama katikati kabisa ilipata ringgit 5,420. Tofauti hiyo inatokana na wachache wa juu wanaouvuta wastani.

Swali la nne: Mlango ulipofunguliwa, nini kilitokea?

Tarehe 13 Mei 1969, siku tatu baada ya uchaguzi mkuu, zilizuka ghasia za kikabila mjini Kuala Lumpur. Serikali ilitaja vifo 196. Waziri Mkuu aliyefuata, Tun Abdul Razak, alizindua mwaka 1971 Sera Mpya ya Uchumi yenye malengo mawili: kuondoa umasikini bila kujali asili ya mtu, na kuvunja hali ya kila kabila kufungwa katika kazi ya aina moja. Vijana wa vijijini wakapewa nafasi za vyuo na ufadhili, wakulima wasio na ardhi wakapewa mashamba, na wananchi wa kawaida wakawezeshwa kununua vipande katika mifuko ya hisa.

Kufikia mwaka 1990, kaya masikini za Kimalay katika Rasi ya Malaysia zilikuwa zimeshuka kutoka takriban 65 katika kila 100 hadi takriban moja kati ya tano. Za Wachina nazo zilishuka kutoka 26 hadi chini ya 6. Mwaka 1970 kaya ya Kichina ilipata zaidi ya mara mbili ya kaya ya Kimalay. Mwaka 2009 ilikuwa ringgit 5,011 kwa 3,624 za Bumiputera, yaani chini ya mara moja na nusu. Hesabu ya zamani ilikuwa ya Rasi peke yake na hii mpya inajumuisha Sabah na Sarawak, kwa hiyo tusiilinganishe kwa senti. Lakini mwelekeo uko wazi. Mzee wangu fundi cherehani alikuwa sahihi, kwani damu haibadiliki katika miaka ishirini.

Kuna jambo jingine ambalo makabila yale yalipokuwa yanagombana halikuonekana haraka. Mwaka 1970 Wamalay walimiliki takriban asilimia 2 tu ya hisa za makampuni ya Malaysia, na Wachina takriban 27. Zaidi ya asilimia 60 zilikuwa mikononi mwa makampuni na watu wa nje, Waingereza wakiwa mbele. Mmalay na Mchina walikuwa wanatoana roho kwa ajili ya makombo. Asubuhi ya tarehe 7 Septemba 1981 shirika la uwekezaji la Malaysia lilinunua hisa katika soko la London, na ndani ya saa chache likawa linaidhibiti kampuni ya Guthrie iliyomiliki mashamba makubwa ya Malaya tangu ukoloni. Fungu la wageni lilipopungua, Wamalay na Wachina wote wakapanda.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa akiba. Ilikuwa ikisemwa kuwa Mmalay hajui kuweka fedha. Mchumi Ungku Aziz alipolichunguza suala hilo aliona kingine kabisa. Wanakijiji walikuwa wakiweka akiba miaka na miaka kwa ajili ya Hijja, ila hawakuipeleka benki kwa kuogopa riba. Waliificha majumbani, au waliuza ng'ombe na ardhi, wakarudi kutoka Makka wakiwa mafukara. Mwaka 1959 alipendekeza chombo cha akiba kisicho na riba. Kikaanzishwa mwaka 1963, nacho ndicho kilichokuja kuitwa Tabung Haji, chenye wawekaji wanaohesabiwa kwa mamilioni. Watu walikuwa ni wale wale. Kilichokosekana ni mlango ambao Muislamu angeweza kuuingia bila kuivunja dini yake.

Tusipambe

Insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Sera ile iliwanufaisha zaidi waliokuwa karibu na wakubwa. Ukazuka mtindo wa "Ali Baba": Ali, Mmalay, anashika leseni, na Baba, Mchina, anaendesha biashara, Ali akipokea chake mwisho wa mwezi bila kujifunza lolote. Na kati ya 2009 na 2019 pengo la wastani halikupungua tena. Mwaka 2019 lilikuwa ringgit 9,895 kwa 7,093, uwiano ule ule takriban. Msaada unaotolewa kwa jina la kabila unaweza kumruka masikini wa kabila hilo na kumwacha masikini wa kabila jingine.

Hata wasomi wao walibishana. Dk. Mahathir Mohamad, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kilichopigwa marufuku hadi alipokuwa Waziri Mkuu mwaka 1981, aliuhusisha unyonge wa Wamalay kwa kiasi fulani na urithi wa damu. Mwaka 1977 Profesa Syed Hussein Alatas, mwenye asili ya Hadhramaut, aliandika kitabu kizima akionesha kuwa "mwenyeji mvivu" ni hadithi iliyotungwa na wakoloni. Mwenyeji aliyekataa kuwa kibarua wa shamba la mkoloni kwa masharti ya mkoloni aliitwa mvivu, hata kama alikuwa anaamka alfajiri kwenda kwenye mpunga wake. Mimi mwenyewe siku ile ya semina nilikuwa nasambaza hadithi hiyo bure, bila hata kulipwa na mkoloni.

Sisemi kuwa juhudi haina nafasi. Mlango ukifunguliwa, mtu lazima anyanyuke aingie. Lakini anayeamini kuwa amezaliwa bila uwezo hanyanyuki, na anayeamini kuwa mwenzake amezaliwa na uwezo huishia kumhusudu au kumchukia. Kwa Muislamu jambo hili lingekuwa limekwisha zamani, kwani Surat Al-Hujurat imeshatuwekea kipimo cha ubora wa mtu, nacho si nasaba.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiletewa jedwali la makabila, usilikatae na usilimeze. Uliza: walianzia wapi, nani kahesabiwa, wastani unaficha nini, na mlango gani umefungwa?

Wiki iliyopita nilirudi Kariakoo kumtafuta yule kijana. Nilimwambia mbele ya wenzake kuwa siku ile nilikosea, nikamweleza habari ya wanakijiji na akiba zao za Hijja. Alinisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Mwalimu, mtaji nitaupata wapi bila riba?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Halihusu damu, na linatuhusu sisi sote tunaoswali naye safu moja.

Wallahu aalam.