Alama za Onyo Kwenye Kihariri: Umbo Kwanza, Rangi Baadaye

Anayeandika kwenye kihariri matini macho yake yapo kwenye maneno, si pembeni mwa skrini. Huko pembeni, alama ya onyo mara nyingi hupewa nafasi ya pikseli 16 kwa 16 tu. Ikichaguliwa ovyo, mtumiaji huizoea na kuipuuza, mpaka siku kazi yake inapopotea. Ukiwa unatengeneza programu ya aina hii, zingatia haya.

Pima uzito wa ujumbe. Itifaki ya LSP, inayounganisha vihariri na zana za kukagua msimbo, ina ngazi nne: kosa, onyo, taarifa na dokezo. Mabano yasiyofungwa ni kosa, kwa kuwa programu haitaendeshwa. Kigezo kilichotajwa kisitumike popote ni onyo: kazi inaendelea, lakini huenda pana kasoro.

Tumia maumbo yaliyozoeleka. Katika Visual Studio Code, kosa ni duara jekundu lenye alama ya X, onyo ni pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao, na taarifa ni duara la bluu lenye herufi i. Pembetatu inajulikana hata na asiyewahi kugusa kompyuta, kwani ndiyo inayomtahadharisha dereva kuhusu kona kali. Usibuni umbo jipya pasipo sababu.

Rangi isibebe ujumbe peke yake. Wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wengi wao ni wanaume. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa WCAG unakataza kutegemea rangi pekee, na toleo lake la 2018 linataka alama itofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 3 kwa 1. Njano tupu juu ya weupe haifiki hata 2 kwa 1; izungushie mstari wa rangi nzito.

Weka maneno. Kipanya kikifika juu ya alama, maelezo yatokee, na kisoma skrini kiweze kuyasomea wasioona. Kuandika "Onyo!" hakutoshi. Andika: "Faili hii imebadilishwa na programu nyingine. Ukihifadhi, mabadiliko hayo yatafutika."

Usionye kwa kila jambo. Faili ambayo haijahifadhiwa ni hali ya kawaida ya kazi. Nukta ndogo kwenye kichupo chake inatosha. Pembetatu ibaki kwa hatari ya kweli.

Ukimaliza, chapisha picha ya skrini kwa rangi nyeusi na nyeupe, umpe mtu ambaye hakushiriki kuitengeneza. Akishindwa kutenganisha kosa na onyo, rudi ukachore upya kabla programu haijawafikia watumiaji.