Tairi la Trekta si Tairi la Lori

Machi ikifika, matrekta ya Trans Nzoia hayalali. Kuanzia Endebess hadi Cherangany kila mwenye shamba anataka kulimiwa kabla mvua haijashika, na mwenye trekta anahesabu ekari. Lalamiko moja husikika kila msimu: trekta linakunywa dizeli nyingi na kazi haionekani. Dereva husema injini imechoka. Fundi huitwa, pampu hufunguliwa, pesa hutoka, na trekta likirudi shambani hali ni ile ile. Mara nyingi injini haina kosa lolote. Kosa liko chini kabisa, pale mpira unapogusana na udongo.

Somo hili ni la trekta dogo la nguvu za farasi 35 hadi 50, linaloendeshwa na magurudumu mawili ya nyuma.

Gurudumu la trekta linapovuta plau, lazima liteleze kidogo. Kuteleza huko kunaweza kupimwa bila chombo chochote zaidi ya chaki na vigingi viwili. Dereva apige alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, ashushe plau kwa kina chake cha kawaida, aanze kulima. Mtu wa pili atembee kando, asimame mbali na plau, achome kigingi cha kwanza, ahesabu mizunguko 10 kamili, kisha achome cha pili. Halafu dereva arudi, ainue plau, apite umbali ule ule juu ya ardhi ambayo haijalimwa, kwa gia ile ile. Mizunguko ihesabiwe tena. Ikiwa 9, tairi linateleza kwa asilimia 10. Ikiwa 8 na nusu, ni asilimia 15. Ikiwa 8, ni asilimia 20, maana yake katika kila mizunguko mitano mmoja umechoma dizeli bure, na meno ya tairi yamesagika bure pia.

Kwa trekta la aina hii, asilimia 10 hadi 15 ni hali nzuri. Tairi lisipoteleza karibu hata kidogo, trekta lina uzito kupita kiasi, na mzigo huo unaiumiza gia. Likipita 15, tatizo ni upepo, uzito, meno yaliyoisha, au udongo ambao bado una maji mengi.

Upepo ndio unaokosewa zaidi. Madereva wengi wa trekta walianza kwenye malori, na tairi la lori hubeba paundi 100 au zaidi. Wao hupiga tairi teke, wakisikia limekaza huridhika. Lakini tairi la nyuma la trekta dogo, likiwa shambani, kwa kawaida hutaka paundi 12 hadi 20 tu. Kitabu cha trekta au cha tairi kitatoa hesabu kamili kulingana na uzito. Tairi la mbele la saizi ya 6.00-16 hutaka zaidi, mara nyingi kati ya 24 na 36. Tairi la nyuma likijazwa kama la lori, linagusa ardhi kwa ukanda mwembamba wa katikati. Meno ya pembeni yanabaki hewani, udongo unashindiliwa pale pale, na trekta linachimba shimo badala ya kusonga.

Kupunguza kupita kiasi nako kuna hasara yake. Tairi likilegea sana rimu huzunguka ndani yake, na vali ya tyubu hung'oka. Basi kazi inasimama katikati ya shamba. Ndiyo maana geji ni lazima, tena geji ya matrekta inayosoma paundi chache. Ile ya lori haiwezi kutofautisha 12 na 18, na hiyo ndiyo tofauti inayotafutwa. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, na matairi mawili ya nyuma yawe sawa. Trekta likienda kuvuta trela yenye mzigo barabarani, upepo uongezwe hadi kiwango cha barabara kilichoandikwa kitabuni, na likirudi shambani upunguzwe. Ni usumbufu, lakini ni wa dakika chache.

Upepo ukiwa sawa na bado tairi linateleza, linaongezwa uzito. Njia ya bei nafuu ni maji. Gurudumu huinuliwa kwa jeki na kuwekewa matofali imara, vali huzungushwa hadi ikae juu kabisa, kisha maji hujazwa hadi yafike usawa wa vali, yaani robo tatu ya tairi. Robo iliyobaki hujazwa upepo. Tairi la 13.6-28 hubeba zaidi ya lita 150 kwa njia hiyo, ambazo ni zaidi ya kilo 150 kwa kila gurudumu. Trekta likiinua pua linapovuta, vyuma vya uzito huongezwa mbele.

Uzito huo hauna urafiki na udongo wenye maji. Kabla ya kuingiza trekta, mkulima achimbe hadi kina cha plau, achukue donge, alifinyange viganjani. Likivutika kuwa kama kamba bila kukatika, trekta lisubiri. Upepo mdogo huokoa udongo wa juu, lakini ule wa chini huumizwa na uzito wote wa trekta, na huo hauondolewi na geji. Tabaka gumu likishajengeka chini ya plau, mizizi ya mahindi hugeuka na kutambaa kando, maji ya mvua husimama juu, na mahindi huwa manjano hata yakiwekewa mbolea.

Katika kununua, maandishi ya ubavuni yasomwe kabla ya bei kuulizwa. 13.6-28 ni upana wa inchi 13.6 na rimu ya inchi 28. Kukiwa na R mahali pa kistari, tairi hilo ni la radial, lenye ubavu laini zaidi. Lisichanganywe na la kawaida kwenye ekseli moja. Alama R-1 ni meno ya shamba la kawaida, na ndiyo inayofaa mahindi na ngano. R-2 ina meno marefu karibu mara mbili, yaliyotengenezwa kwa matope ya mpunga kama ya Mwea na Ahero. Kwenye murram ya kwenda Kwanza yatalika haraka na mwenyewe atajuta. F-2 ni ya mbele, yenye mistari ya kuzunguka inayosaidia kukata kona.

Tairi kuukuu si lazima liwe baya. Katika ardhi kavu na ngumu, meno yaliyolika nusu bado yanavuta vizuri; ni kwenye tope yanaposhindwa. Kinachotisha ni nyufa za ubavuni, uvimbe, na waya uliotokeza ukingoni. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, kama ipo, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa trekta linalovuta magurudumu yote manne, saizi ya mbele au ya nyuma isibadilishwe peke yake, kwani gia zitapigana zenyewe kwa zenyewe. Tairi likifungwa, mtu akisimama nyuma ya trekta aone ncha za meno zikielekea juu.

Upana kati ya magurudumu pia hurekebishwa. Mahindi yaliyopandwa kwa mistari ya sentimita 75 yanataka sentimita 150 kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya jingine, ili matairi yapite kati ya mistari. Kwenye miteremko ya Cherangany upana mkubwa hupunguza hatari ya trekta kupinduka, ingawa hauiondoi.

Hatari nyingine iko kwa fundi wa pancha. Tairi likigoma kukaa kwenye rimu, lipakwe maji ya sabuni. Upepo usipite paundi 35 kulilazimisha, na anayejaza asisimame mbele yake wala kuliinamia. Rimu isichomelewe kamwe tairi likiwa juu yake, hata kama halina upepo, kwa kuwa joto huweza kulilipua na kuua.

Msimu ukiisha, trekta lioshwe na kuegeshwa kivulini, mbali na dizeli na oili iliyomwagika. Kiwango cha upepo cha mbele na cha nyuma kiandikwe kwa rangi ndani ya madigadi, ili hata dereva wa kibarua cha siku moja asikisie.